Godoro Halina Kosa

Asubuhi ya tatu tangu mama yake mzazi aachiwe chumba, Fundi Milimita alikuwa anachovya mkate kwenye chai pale mlango ulipofunguka, mama akatoka ameshika kiuno kwa mikono miwili, anatembea kama mtu anayevuka matope. Kipande cha mkate kilikatikia ndani ya kikombe, naye hakukifuata.

"Shikamoo, mama. Umeamkaje?"

"Marahaba. Sijaamka, nimefukuliwa," mama alijibu huku akijishusha kwenye kiti taratibu. "Lile godoro limenimeza. Usiku kucha natafuta ukingo, siuoni. Nikigeukia huku nateremka, nikigeukia kule nateremka."

Kwenye kona ya dirishani cherehani kilinyamaza. Mke wa Fundi, ambaye riziki yake ilikuwa kushona sare za shule, alibaki ameinamia pindo la sketi kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

Mama alikuwa amekuja kutibiwa macho. Alipewa dawa ya matone na amri ya kukaa wiki mbili kwenye chumba kisicho na mwanga mkali. Watoto walikuwa likizo kwa shangazi yao, kwa hiyo nafasi ilikuwepo. Mke alishauri mama alale sebuleni, eti kuna hewa zaidi. Fundi alimshangaa sana. Mkewe hakuwa mtu wa kumnyima mkwe heshima. "Mama yangu alale sebuleni kama mzigo unaosubiri gari?" alifoka, na mambo yakaishia hapo. Mama akapewa kitanda, wao wawili wakatandika sebuleni, sakafuni.

"Basi ni godoro," Fundi alisema sasa, akijaribu kuipa sauti yake uzito wa kitaalamu. "Limezeeka. Hata mama watoto huu ni mwezi wa pili mgongo unamsumbua. Nimemwambia, ni godoro, au ni kile kiti cha cherehani. Kimojawapo."

"Godoro lipi lililozeeka?" Mama alinyanyua kichwa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa dawa lakini yaliona vizuri tu. "Hilo nililowanunulia mimi mlipooana? Nililolipandia kwa magoti dukani mpaka mwenye duka akaniomba nishuke, wateja wanatazama? Godoro lile halifi kwa miaka saba. Aitwe Daktari alitazame."

"Hakuna haja!" Fundi na mkewe walisema kwa pamoja.

Walitazamana. Fundi alijua sababu yake yeye ya kusema hivyo. Ya mkewe hakuijua, na hakuwa na muda wa kuitafuta.

"Mama, kwa nini tumsumbue mzee wa watu?" mke aliendelea kwa upole. "Nina akiba yangu ya ovaloki. Kesho naenda dukani nanunua godoro jipya, yanaisha."

Hapo Fundi alisukuma kikombe kando. Ovaloki ile mkewe alikuwa ameiwekea akiba miaka mitatu. Ndiyo mashine inayofunga kingo za kitambaa zisichanike nyuzi. Bila hiyo alikuwa anafunga kwa mkono, na muhula uliopita mwalimu mkuu wa shule ya jirani alimrudishia sketi kumi mbele za watu, zikining'inia nyuzi kama ndevu za mbuzi. Mwalimu alimwambia: ukipata mashine kabla shule hazijafunguliwa, kazi ya shule nzima ni yako. Shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki tatu. Leo ovaloki inageuzwa godoro.

"Aitwe Daktari," mama alirudia, na kujimiminia chai. "Aje leo."

* * *

Karakana ya Fundi ilikuwa mbele ya nyumba, kibanda cha mabati kilichonuka gundi na vumbi la mbao. Juu ya mlango kilitundikwa kibao alichokiandika mwenyewe kwa rangi nyekundu: VITANDA VYA MILIMITA. HAVILII, HAVICHEZI, HAVIDANGANYI. Hata jina alilopewa na wazazi watu walikuwa wamelisahau. Aliitwa Milimita kwa sababu ya maneno yake ya kila siku: kwamba seremala anayepima kwa sentimita ni mkata kuni.

Ukweli ni huu. Kitanda chake mwenyewe, kile alichokitengeneza kwa ajili ya ndoa yake kwa mbao ngumu zisizoliwa na mdudu, kilikuwa na chaga kumi na nne, zile mbao nyembamba zinazolala kwa mapana na kulibeba godoro. Miezi miwili iliyopita alikuwa anamalizia kitanda cha bwana harusi, kesho yake ni harusi, na chaga mbili zikapasuka wakati wa kupigilia. Duka la mbao lilikuwa limefungwa. Fundi aliingia chumbani kwake, akachomoa mbili, akasema moyoni, Jumatatu narudisha.

Jumatatu ilikuja na mteja wake. Ikaja na nyingine. Ilikuwa ni kazi rahisi mno: chaga za kwake zilikuwa zimekauka vizuri, zimenyooka, zina urefu uleule wa vitanda vyote anavyouza. Akifika mwisho wa kazi na kupungukiwa, mguu wenyewe ulimpeleka chumbani. Alizichomoa za katikati, kwa sababu za kichwani na miguuni zinaonekana ukiinama kufagia. Zilipofika sita aliogopa, akaacha. Lakini kuacha si kurudisha, na mgongo wake yeye ulizoea kulala popote. Na mkewe alipoanza kuamka ameshika mgongo, mdomo wa Fundi ulitangulia kabla ya akili: "Ni godoro hilo, mama watoto. Au kiti." Uongo ukishasemwa asubuhi sitini mfululizo unakuwa kama fenicha ya nyumba, kuutoa ni kazi.

Sasa alitupa kando meza ya mteja aliyokuwa anaipiga randa, akachagua ubao mzuri kuliko yote aliyokuwa nayo, akaanza kupasua. Hakuwahi kupasua mbao kwa kasi ile. Kabla jua halijapanda sana zilikuwa tayari chaga sita, laini, zimelingana mpaka mtu angefikiri zimezaliwa mapacha. Zilikuwa zinahitaji dakika tano tu za faragha.

Alizibeba kwapani, akaingia ndani kwa kunyata. Mlango wa chumba ulikuwa wazi nusu.

"Nani?" mama aliuliza kutoka gizani.

"Mimi, mama. Nilikuwa nasema, si utoke kidogo ukapunge upepo?"

"Daktari wa macho amesema nikae humu."

"Dakika tano tu. Uani kuna kivuli kizuri."

"Wewe tangu lini unajua uani kuna kivuli?" Mama alijiinua kwenye kiwiko, akazama, akajiinua tena. "Hizo mbao za nini?"

Fundi aliziegemeza nyuma ya mlango haraka. "Za mteja. Nimekuja kuzitunza kwenye ubaridi. Jua linazikunja."

"Mm," mama alisema. Mm ile Fundi aliifahamu tangu utotoni. Ilimaanisha kwamba ameelewa si chini ya nusu.

Ndipo akaja na akili nyingine, akili ya mtu aliyebanwa. Alirudi karakana, akachukua pima maji, kile kipimo chenye kitone cha hewa ndani ya maji ambacho hakisemi uongo ukiulizwa kama kitu kimelala sawa. Akakiweka juu ya godoro, upande wa kichwani, mahali chaga zote zilikuwa kazini.

"Tazama, mama. Kitone kiko katikati. Kitanda kiko sawa kabisa. Hakuna haja ya kumtoa mzee wa watu kazini kwake."

"Macho yangu yana dawa, sikioni hicho kitone," mama alisema. "Nachoona ni kwamba mimi silali na kichwa peke yake. Weka kiunoni."

"Kiunoni ni vilevile."

"Basi lala wewe. Mimi nasimama."

Mtu mzima akiambiwa na mama yake alale, analala. Fundi alijinyoosha, amebana pumzi, amekaza matako ili awe mwepesi. Kwa muda kidogo godoro lilimvumilia. Kisha likaanza kushuka, polepole, kwa heshima. Pima maji kiliteremka kutoka kichwani, kikapita begani, kikaja kutulia ubavuni mwake kama mtoto aliyehamia kwa wazazi.

Mama alimtazama kutoka juu. "Na hicho kitone sasa kinasemaje?"

* * *

Daktari alifika mchana, mkononi ana fimbo nyembamba na mfuko wa vitambaa. Hakuwa daktari wa watu. Alikuwa na kibanda mwisho wa soko, alikojaza sponji upya, kushona foronya za magodoro na kuyatibu yaliyovunjika mgongo. Watu walimwita Daktari kwa sababu hakuligusa godoro kabla ya kulihoji.

"Linamuuma nani?" aliuliza akishasalimia.

"Mimi na mkwe wangu," mama alisema.

"Upande gani?"

"Kiunoni," wanawake wote wawili walijibu.

"Linauma kuanzia kulala, au kuanzia kuamka?"

"Kuamka."

"Mkilala pengine linauma?"

Mke wa Fundi alisita. "Siku hizi tatu nilizolala sakafuni sijasikia kitu," alisema kwa sauti ndogo, akitazama vidole vyake.

Daktari aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa habari nzuri. "Litolewe nje ya chumba. Lilazwe sakafuni."

"Lipime hapohapo kitandani, Daktari," Fundi alidakia. "Sakafu ina vumbi."

"Kijana wangu, godoro halihojiwi likiwa kitandani. Kitanda kinalisemea. Litoke."

Hapo palitokea jambo Fundi hakulielewa. Kabla hajainua mguu, mkewe alikuwa ameshaingia chumbani. Alishika ncha moja ya godoro, akamwita mumewe ashike ya pili. Na walipolinyanyua tu, yeye akavuta shuka kwa mkono uliobaki na kulitandaza juu ya fremu ya kitanda, haraka na safi kama anavyotandaza kitambaa mezani. "Vumbi," alisema bila kumtazama. Fundi alitaka kumbusu. Hakuuliza. Mtu anayezama hamuulizi anayemvuta anatoka wapi.

Godoro lililazwa katikati ya sebule. Daktari alivua viatu, akapiga magoti, akalibonyeza kwa ngumi kichwani, katikati na miguuni, kila mara anainua ngumi na kutazama shimo linavyojaa. Lilijaa upesi, kote kwa mwendo mmoja. Alilipapasa kwa viganja, ameinamisha sikio, akitafuta uvimbe.

"Lete rula yako ndefu, wewe si ndiye Milimita?"

Fundi alileta. Daktari aliilaza kutoka ncha hadi ncha, akajaribu kupenyeza kidole chini yake. Kidole kilikataa kupita.

"Sasa nataka mtu mzito."

Mke wa Fundi alirudi nyuma hatua moja. Fundi aliliona hilo, ila alidhani ni aibu ya kawaida ya mwanamke kulala mbele ya mgeni.

"Njoo wewe," Daktari alimwambia Fundi. "Naona siku hizi umenawiri. Suruali inakushukuru."

Ilikuwa kweli. Mara mbili ndani ya miezi ile mkewe alimtanulia suruali kiunoni, na Fundi alikuwa anailaumu sabuni kwamba inasinyaza nguo. Alilala chali, kisha ubavu. Daktari alipitisha kiganja kwenye uwazi wa kiuno chake. Akaeleza, kwa faida ya wote, kwamba mkono ukipita bila kugusa, godoro ni gumu mno; ukikwama kabisa, godoro limekufa na mtu amezama; ukipita kwa kusuguasugua, basi mgongo umenyooka na godoro linafanya kazi yake. Chini ya Fundi mkono ulipita kwa kusuguasugua. Akamwita mama, mama akalala, mkono ukasuguasugua.

"Naona hata sakafuni hapa nimelala vizuri kuliko kule ndani," mama alisema, hajataka kuinuka.

Daktari alivaa viatu vyake kimoja kimoja. "Godoro halina kosa," alitangaza. "Lina miaka mingine saba. Dada yangu, ulinunua kitu. Sasa nionyesheni kitanda."

* * *

Daktari alilivuta shuka. Kichwani chaga nne, miguuni nne, na katikati uwazi ambamo mtu angeweza kuogeshea mtoto. Chini yake sakafu ilikuwa safi, imefagiliwa.

"Chaga ziko wapi?" mama aliuliza.

Fundi alifungua mdomo. Aliliona jina lake lote, kibao chekundu na kila kitu, limelala kwenye lile pengo. Daktari alikuwa na kibanda sokoni, na sokoni habari hazihitaji kupelekwa.

"Ni mimi, mama," mkewe akasema.

Alikuwa amesimama pembeni ya kabati, mikono ameifumbata mbele, kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini.

"Nilizivunja mimi. Kwa uzito. Nilihisi nazama, siku moja nikapitisha mkono chini ya godoro nikakuta tupu. Nikajua zimevunjika na baba watoto ameviondoa vipande kimyakimya, anisitiri. Hakuniambia hata siku moja. Kila nikilalamika mgongo anasema ni godoro, ni kiti. Hakutaka nijisikie vibaya." Aliokota shuka, akaanza kulikunja. "Ndiyo maana nikasema nitanunua jipya, nene zaidi. Sikutaka mje kuliona hilo pengo."

Mama alimgeukia mwanawe. Uso wake ulikuwa umelainika jinsi Fundi hakuwahi kuuona tangu alipofaulu darasa la saba. "Kumbe," alisema. "Kumbe nilizaa mtu."

"Na hizi hapa," Daktari alisema, akichungulia nyuma ya mlango. Alizitoa chaga sita mpya, akazipima kwa jicho, akapiga mluzi. "Ameshatengeneza nyingine! Tena tazama zilivyopigwa randa. Mama, wanaume kama hawa wamebaki wachache."

"Ndiyo zile alizosema za mteja!" Mama alicheka, akampiga mwanawe begani. "Anaona aibu hata kusema ni za mkewe."

Fundi alisimama pale akimwagiwa sifa. Ilikuwa njia pana, imefagiliwa, kila mtu anamwonyesha pa kupita. Alichotakiwa kufanya ni kutazama chini kwa unyenyekevu, kisha kuchukua nyundo. Jina lake lingetoka pale limesafishwa kuliko lilivyoingia. Alitazama chini kwa unyenyekevu.

"Lakini na wewe, mwanangu," mama alimwambia mkwewe, kwa upole wa mtu anayependa, "jitahidi kupunguza kidogo. Si kwa ubaya."

"Nimepunguza, mama. Mwezi wa pili huu jioni sili."

Alilisema kama mtu anavyosema amelipa nauli.

Fundi alinyanyua kichwa. Aliziona zile jioni zote kwa mpigo. Sahani ya mkewe ikisukumwa taratibu upande wake. "Sina njaa leo, baba watoto, kula wewe." Na yeye anakula. Anakula na kufuta sahani kwa kidole, anasifia, anajilaza huku amefungua kifungo. Asubuhi mkewe anakaa kwenye cherehani na mgongo uliopinda, na tumbo tupu, anamtanulia mumewe suruali. Tena anamshukuru kimoyomoyo.

"Hazikuvunjika," alisema.

"Nini?" mama aliuliza.

"Chaga. Hazikuvunjika. Hakuna aliyezivunja, mbao ile hata akilala ng'ombe haivunjiki. Nilizichomoa mimi. Ziko kwenye vitanda vya watu."

Daktari aliinamisha kichwa na kuanza kupanga vitambaa kwenye mfuko wake, kimoja baada ya kingine, ingawa hakuwa amevitoa.

"Vitanda vya watu gani?" mkewe aliuliza.

"Mbili kwa yule bwana harusi. Zake zilipasuka, duka lilikuwa limefungwa. Nikasema narudisha Jumatatu."

"Yule ambaye mkewe nilimshonea gauni?"

"Huyohuyo."

"Wanalala vizuri?"

Fundi hakujua kama ni swali. "Hawajalalamika."

"Nafurahi," mkewe alisema. "Na nilipokuwa naamka nashika ukuta, ukaniambia ni kiti. Nikashona mto wa kukalia, nakumbuka. Nikashona na wa pili." Sauti yake haikupanda. Fundi angependa ipande. "Miezi miwili najitazama kwenye kioo kama mtu aliyevunja kitanda cha mumewe. Mtu mzima mimi nasikia njaa usiku, nakunywa maji, nalala. Wewe ulikuwa unanisikia nakunywa maji?"

"Nilikuwa nakusikia."

"Ulidhani nini?"

"Nilidhani una kiu."

Kutoka kwenye koo la mama kulitoka sauti, na kwa nukta moja Fundi alidhani analia. Alikuwa anacheka, cheko la hasira, huku ameshika kile kiuno. "Mimi," alisema, "nimelala siku tatu juu ya shimo la mwanangu mwenyewe, nikimlaani mwenye duka! Daktari, samahani, tumekuita kutibu mzima."

"Mimi kazi yangu imekwisha," Daktari alisema, na kutoka upesi. Hakufika mbali. Walimsikia nyumba ya tatu, amesimama na mtu, na kicheko cha watu wawili, kisha cha wanne.

* * *

Chaga zilipigiliwa alasiri ile, mlango wazi, mama amekaa kwenye kiti anasimamia ingawa macho yake hayakutakiwa kuwa kwenye mwanga. Fundi alitaka kuzipanga kwa jicho la uzoefu. Mkewe alivua futi ya kitambaa iliyokuwa shingoni mwake, ile laini ya kupimia viuno vya wateja, akampa.

"Pima kwa hii."

"Yangu ni ya chuma, ni sahihi zaidi."

"Pima kwa hii," alisema tena, na Fundi alipima. Kila chaga alimwita aje aone namba. Mkewe alikuja kila mara, akainama, akasoma, akarudi kwenye cherehani bila neno. Alipomaliza zote sita Fundi aliufuata ule mto wa kukalia, akauchukua pamoja na wa pili, akaisimamisha ukutani kwa sababu hakujua aifanyie nini.

Godoro lilirudishwa. Mama alilala, akapitisha mkono wake mwenyewe chini ya kiuno, akausuguasugua. "Limepona," alisema, kisha akajirekebisha. "Halikuwa linaumwa." Akafumba macho yake yenye dawa na kupitiwa na usingizi hapohapo, mdomo wazi.

Nje, mtoto wa mtu alipita mbele ya karakana na kuita, "Chaga Sita!" Fundi, aliyekuwa anafagia vumbi la mbao, alisimama kidogo. Kisha akaitika. Aliona ni afadhali alizoee jina hilo mapema.

Jioni ilipofika walikaa wawili sebuleni, na sahani mbili. Mkewe alipakua. Fundi aliitazama sahani ya mkewe na kuogopa kama alivyoogopa asubuhi mlango wa chumba ulipofunguka. Aliusubiri ule mkono uisukume. Alikuwa na maneno tayari, ya kuomba, ya kubembeleza, hata ya kuapa kukitia motoni kile kibao chekundu.

Mkewe alinawa. Akaanza kula. Alikula bila haraka na bila kuzungumza, kama mtu aliye kazini, mpaka sahani ikabaki nyeupe. Akaifuta kwa kidole. Kisha akanyoosha mkono, akavuta sahani ya mumewe mpaka mbele yake, akaikuta haijaguswa, akaanza na hiyo.

"Kesho naenda dukani," alisema katikati ya tonge.

"Kununua nini?" Fundi aliuliza kwa hofu.

"Ovaloki. Utanibebea."

"Nitabeba," Fundi alisema. "Nitabeba mwenyewe, hata kwa kichwa."

Alikaa anamtazama mkewe akila, tumbo lake mwenyewe linanguruma, na hakuna kitu alichokiomba zaidi ya kwamba asiache.